Mwongozo Kamili wa Kujifunza Nyumbani Wakati wa Likizo Ndefu: Shughuli Chache Zinazohitaji Muda

Likizo ndefu, ambayo katika nchi nyingi huangukia majira ya joto, huwapa watoto kitu ambacho shule haiwezi kuwapa, nacho ni wiki nyingi mfululizo zisizokatwa na kengele. Darasani mbegu hupandwa Jumatatu na ikifika Ijumaa mada imekwisha kubadilika. Mwezi hutajwa katika ukurasa mmoja, kisha ukurasa hufunuliwa kabla mtoto hajautazama mwezi wenyewe hata usiku mmoja. Kwa sababu hiyo mwongozo huu haukusudii kumpa mzazi orodha ya michezo hamsini ya kujaza mchana, kwa kuwa michezo hamsini ya dakika kumi kumi humchosha mzazi anayeiandaa na humwachia mtoto kumbukumbu chache sana. Nimechagua shughuli zisizozidi kumi, nyingi zikiwa za aina inayorudiwa kila siku au kila wiki, ambazo utamu wake huonekana baada ya mtoto kuvumilia. Vifaa vyake ni vya kawaida, na mzazi hahitaji kuwa mwalimu wa sayansi ili kuzisimamia.

Hatua ya kwanza: daftari moja, kona moja, wakati mmoja

Kabla ya shughuli yoyote, mpe kila mtoto daftari moja lenye kurasa zisizopungua 80, ambalo halitatumika kwa jambo lingine hadi likizo iishe. Ukurasa wa kushoto uwe wa michoro, na wa kulia uwe wa maneno na namba. Kila ukurasa uanze kwa tarehe na saa, hata mtoto anapoona kuwa tarehe haina maana, kwani wiki tatu baadaye atagundua mwenyewe kuwa kipimo kisicho na tarehe hakilinganishiki na kingine. Mtoto ambaye bado hajui kuandika achore, nawe uandike chini ya mchoro maneno atakayoyatamka, kama alivyoyatamka, bila kuyanyoosha.

Kila siku mtoto aandike sentensi tatu tu: ya kwanza iseme alichokiona, ya pili iseme anachodhani kuwa ndicho chanzo chake, na ya tatu iwe swali alilobaki nalo. Sentensi ya tatu ndiyo ngumu kuliko zote, na siku za mwanzo mtoto atasema hana swali. Usimlazimishe, andika swali lako mwenyewe kwenye kipande cha karatasi na ulibandike hapo, naye baada ya siku chache ataona kuwa hata mtu mzima ana mambo asiyoyajua.

Tenga kona ambapo daftari, rula, penseli, uzi, mkasi wenye ncha butu, tochi na dadu mbili vitakaa bila kuhamishwa. Ikiwa vifaa hutafutwa upya kila asubuhi, shughuli itakufa kabla ya wiki ya pili. Kuhusu wakati, ufungamanishe na tukio la kila siku badala ya saa ya ukutani, kwa mfano mara tu baada ya kifungua kinywa. Kwa mtoto wa miaka 4 hadi 6 dakika 15 zinatosha. Kwa wa miaka 7 hadi 9, dakika 30. Na mkubwa zaidi anaweza kufika dakika 45. Akitaka kuendelea, mwache aendelee, lakini wewe usiongeze muda kwa amri.

Hatua ya pili: jizoeze kuuliza kabla ya kueleza

Kosa ambalo sisi wazazi hulifanya mara nyingi, tena kwa nia njema, ni kutoa maelezo mapema mno. Mtoto anauliza kwa nini kivuli kimesogea, nasi papo hapo tunamweleza mzunguko wa dunia. Anaitikia kwa kichwa, na jambo linafungwa kabla halijafunguliwa. Mpangilio unaofaa ni huu: kwanza akisie kitakachotokea, kisha aandike makisio hayo kwa kalamu ya wino ili yasifutike, ndipo atazame, na mwisho aeleze kwa maneno yake kwa nini makisio yalitimia au hayakutimia. Makisio yaliyokosewa yasifutwe wala yasichekwe, kwa sababu mtoto aliyekisia vibaya hukumbuka jibu sahihi kwa nguvu zaidi kuliko aliyeambiwa tu.

Baada ya kuuliza swali, kaa kimya. Hesabu moyoni hadi kumi. Watoto wengi huanza kujibu pale ambapo mtu mzima angekuwa ameshakata tamaa na kujijibu mwenyewe.

Hatua ya tatu: fimbo na kivuli chake

Ningelazimika kuchagua shughuli moja tu kwa likizo nzima, ningechagua hii. Tafuta fimbo iliyonyooka yenye urefu wa mita 1 juu ya ardhi baada ya kuchomekwa, na mahali tambarare panapopata jua tangu asubuhi hadi alasiri. Anayeishi ghorofani anaweza kutumia penseli iliyosimamishwa kwa udongo wa kufinyangia juu ya karatasi nyeupe kwenye roshani au karibu na dirisha lenye jua. Ili kuhakikisha fimbo imesimama wima, funga kijiwe kwenye uzi na uuning'inize kando yake. Fimbo ikienda sambamba na uzi kutoka pande mbili tofauti, imesimama sawasawa.

Kuanzia saa tatu asubuhi, mtoto aweke kijiwe kwenye ncha ya kivuli kila inapotimia saa kamili, hadi saa kumi alasiri. Atapata alama nane. Kabla ya kila alama akisie itaangukia wapi, na aweke jani au kipande cha karatasi mahali anapodhani. Baada ya alama tatu au nne makisio yake yatakuwa mazuri kiasi cha kushangaza, kwa kuwa tayari ameanza kuuona mwendo. Kila alama ipimwe urefu wake kutoka kwenye fimbo, na vipimo viingizwe kwenye jedwali lenye safu mbili, ya saa na ya sentimita. Mtoto wa miaka 9 na kuendelea achore grafu. Hatahitaji kuelezwa grafu ni nini, kwani ataona mstari ukishuka kisha ukipanda, kama kivuli kilivyofupika kisha kikarefuka.

Wakati kivuli kinapokuwa kifupi kuliko vyote ndio adhuhuri ya kweli ya mahali hapo, na mara nyingi hailingani na saa sita kamili ya saa ya mkononi. Hapo kuna swali zuri la kumwachia mtoto kwa siku mbili tatu: saa ya ukutani iliwekwa na nani, na kwa nini watu wa miji iliyo mbali, ambao jua haliwafikii utosini kwa wakati mmoja, hukubali kutumia saa moja? Mwelekeo wa kivuli hicho kifupi nao una habari. Kaskazini mwa Tropiki ya Kansa, mstari wa ramani ulio kaskazini mwa ikweta, kivuli hicho huelekea kaskazini mwaka mzima, kusini mwa Tropiki ya Kaprikoni, mstari mwenzake ulio kusini mwa ikweta, huelekea kusini, na katikati ya tropiki hizo mbili hubadilika kulingana na majira, kukiwa na siku mbili kwa mwaka ambapo jua hupita utosini kabisa na fimbo hukosa kivuli. Mwache mtoto atafute kwenye ramani nyumba yake iko katika ukanda upi, kisha aamue kama kivuli chake kimetii.

Siku ya pili ya shughuli hii iwe ya kupima vitu visivyofikika. Kivuli cha fimbo ya sentimita 100 kikiwa na urefu wa sentimita 80, na wakati huohuo kivuli cha mti kikiwa na urefu wa mita 4, basi mti una urefu wa mita 5, kwa sababu uwiano wa kitu na kivuli chake ni uleule kwa vitu vyote vilivyosimama wima chini ya jua moja. Mtoto mdogo asiyejua uwiano asubiri hadi kivuli chake kiwe sawa na urefu wake. Dakika hiyo kivuli cha mti nacho ni sawa na urefu wa mti, naye anaweza kukipima kwa hatua. Siku hiyohiyo, wakati wa adhuhuri, pima pia kivuli cha mtoto mwenyewe akiwa amesimama karibu na fimbo bila viatu, na uandike kipimo hicho katika ukurasa wa kwanza wa daftari.

Mtoto mkubwa anastahili kuelezwa alichokifanya Eratosthenes, mtaalamu aliyeishi Alexandria nchini Misri, yapata mwaka 240 kabla ya Kristo. Alijua kuwa katika mji wa Syene, ambao leo ni Aswan, siku ambayo jua hufika kaskazini kabisa mwanga wake wa adhuhuri huangaza hadi chini ya kisima, yaani hakuna kivuli. Alexandria siku hiyo kivuli kilikuwepo, na pembe yake ilikuwa sehemu moja ya hamsini ya duara, takribani digrii 7.2. Akaona kuwa umbali kati ya miji hiyo miwili ukizidishwa kwa 50 unatoa mzingo wa dunia nzima. Mtoto aliyeshinda siku nzima na fimbo yake anasikiliza habari hii kwa masikio mengine kabisa, kwa kuwa kifaa kilichotumika ni kilekile alichonacho yeye.

Rudia kipimo cha adhuhuri mara moja kila wiki, siku ileile. Kivuli kitarefuka au kufupika kidogo kidogo, na hapo ndipo urefu wa likizo unapofanya kazi yake: mabadiliko hayo hayaonekani kwa siku mbili, lakini katika wiki sita huonekana wazi. Tahadhari ni moja tu, nayo haina mjadala: mtoto atazame kivuli, asilitazame jua kwa macho, wala kwa darubini, wala kupitia miwani ya kawaida ya jua.

Hatua ya nne: mbegu ndani ya chupa ya kioo

Loweka maharagwe makavu sita usiku kucha. Kunja karatasi ya kufutia iwe nene, izungushe ndani ya chupa ya kioo yenye mdomo mpana, kisha ingiza mbegu kati ya karatasi na kioo ili zionekane kutoka nje. Mimina maji kidogo chini, kiasi cha sentimita moja, karatasi iyafyonze na kubaki na unyevu. Mbegu zisizame, kwa sababu nazo zinahitaji hewa na zikizama zitaoza. Kunapokuwa na joto la kutosha, mzizi huanza kujitokeza ndani ya siku mbili hadi nne, na chipukizi hufuata baadaye. Mtoto achore mbegu ileile kila siku, aipime kwa rula iliyowekwa upande wa nje wa kioo, na ajiulize kwa nini mzizi ulitangulia.

Mizizi ikifika sentimita tatu hivi, laza chupa ubavu. Mtoto akisie mizizi itakwenda wapi. Ndani ya siku moja au mbili ncha zake zitakuwa zimepinda kuelekea chini, na chipukizi litakuwa limeanza kupinda kuelekea juu, ingawa hakuna aliyeuambia mmea juu ni wapi. Laza tena upande mwingine, na mzizi utapinda tena.

Kisha andaa chupa mbili zilizo sawa kwa kila jambo isipokuwa moja: ya kwanza ikae dirishani, ya pili ikae ndani ya kabati lenye giza. Karibu kila mtoto hukisia kuwa mmea wa gizani hautakua. Baada ya wiki moja na nusu atakuta umerefuka kuliko mwenzake, lakini ni mwembamba, una rangi ya manjano hafifu, na hauwezi kujisimamia. Mmea huo umetumia akiba iliyomo ndani ya mbegu kukimbilia mwanga ambao haukuupata. Bila mwanga haukutengeneza klorofili ya kuupa ukijani, na akiba ikiisha utakufa. Usimpe mtoto maelezo hayo mapema. Mwache abaki na mshangao kwa siku moja nzima. Jambo la kumsisitizia hapa ni lile la kubadilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja: kama chupa ya gizani ilipewa pia maji machache, hatuwezi kujua ni giza au ni ukame uliofanya kazi.

Kwa watoto wadogo, usiwaache peke yao na maharagwe. Wapo wanaoyasukuma puani au masikioni, ambako huvimba kwa unyevu na kuhitaji daktari kuyatoa. Na maharagwe mabichi yasiliwe, kwa kuwa yana sumu inayoumiza tumbo.

Hatua ya tano: mwezi kwa siku thelathini

Chora kwenye karatasi moja miduara 30 iliyopangwa kama kalenda. Kila siku mtoto autafute mwezi, na katika mduara wa siku hiyo atie giza sehemu isiyong'aa. Kuna siku utafunikwa na mawingu. Aandike "mawingu" badala ya kubuni, kwani kukubali kuwa hakuona ni sehemu ya kazi. Mzunguko mzima, kutoka mwezi mwandamo hadi mwandamo mwingine, huchukua takribani siku 29 na nusu, na kwa wastani mwezi huchomoza ukiwa umechelewa kwa dakika 50 kuliko siku iliyotangulia. Ndiyo maana baada ya mwezi mpevu mtoto hatauona tena jioni, ila atakutana nao asubuhi ukiwa bado angani mchana kweupe, jambo ambalo huwashtua hata watu wazima wengi wasiozoea kuangalia juu.

Wiki ya pili, mweke mtoto katika chumba chenye giza na tochi au taa moja tu ikiwaka. Ashike mpira mdogo mweupe kwa mkono ulionyooka, juu kidogo ya kichwa, kisha ajizungushe polepole mahali aliposimama. Taa ni jua, mpira ni mwezi, kichwa chake ni dunia. Ataona hilali ikizaliwa, ikikua, ikipevuka na kufifia. Watoto wengi, na wakubwa pia, huamini kuwa kivuli cha dunia ndicho kinachoukata mwezi kila mwezi. Zoezi hili la dakika tano huondoa dhana hiyo kwa namna ambayo maneno hayawezi.

Mahali penye mvua katika msimu huo, ongeza kipimamvua: chombo chenye pande zilizonyooka wima, kilichowekwa mbali na miti na paa, kikisomwa kila asubuhi kwa rula. Milimita 1 ya mvua ni lita 1 kwa kila mita ya mraba. Basi paa la mita za mraba 40 lililopata milimita 10 limepokea lita 400, na mtoto akipewa nafasi ya kupiga hesabu hiyo kwa paa la nyumbani kwao hatauliza tena kuzidisha kuna faida gani.

Hatua ya sita: hesabu ishirini na moja tu

Jedwali la kuzidisha ndilo jambo ambalo wazazi wengi hutaka lirudiwe wakati wa likizo, nalo ndilo huleta machozi mengi. Machozi hayo hutokana na ukubwa wa jedwali unavyoonekana, kwani kutoka 1 mara 1 hadi 10 mara 10 kuna majibu 100. Kaa na mtoto mlipunguze pamoja. Kwanza mwonyeshe kuwa 3 mara 8 na 8 mara 3 ni kitu kimoja, kwa kupanga vifuniko vya chupa katika safu na kuzungusha karatasi. Papo hapo 100 zinabaki 55. Kisha futeni za 1, za 2, za 5 na za 10, ambazo kwa kawaida mtoto anazijua tayari. Zinabaki 21. Nimeona uso wa mtoto ukibadilika pale anapozihesabu mwenyewe zile zilizobaki, kwa kuwa ishirini na moja ni mzigo unaobebeka.

Ziandike kwenye vipande 21 vya karatasi ngumu, swali upande mmoja na jibu upande wa pili. Kwa likizo ya wiki sita, tatu au nne kwa wiki zinatosha. Siri iko katika kuziachanisha. Tangu mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alipochapisha majaribio yake juu ya kumbukumbu mwaka 1885, imejulikana kuwa kusahau huanza kwa kasi kisha hupungua, na kuwa kurudia kwa vipindi vilivyotengana hushikisha jambo kuliko kulirudia mara nyingi siku moja. Kwa hiyo karatasi mpya iulizwe leo, kesho, baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki. Ikikosewa, inarudi mwanzo bila lawama. Tumieni bahasha nne zilizoandikwa vipindi hivyo, na mtoto ahamishe karatasi mwenyewe. Muda wa kazi hii kwa siku usizidi dakika tano.

Kwa furaha, wekeni mbio za dadu. Chora njia 12 zilizoandikwa namba 1 hadi 12, kila moja ikiwa na hatua kumi, na kila mchezaji achague njia ya farasi wake. Dadu mbili zinarushwa, jumla yake inamsogeza farasi wa namba hiyo hatua moja. Usimwambie mtoto kuwa farasi namba 1 hawezi kusogea kamwe. Atalijua hilo, naye atacheka sana. Baada ya mbio nne au tano ataanza kuitaka namba 7. Hapo ndipo mkae mhesabu pamoja: dadu mbili zina matokeo 36, na kati ya hayo 6 hutoa saba, wakati mbili hutokea kwa njia moja tu na kumi na mbili kwa njia moja tu.

Hatua ya saba: kusoma kwa sauti na kuandika maelekezo

Msomee mtoto kwa sauti kila siku, hata kama anajua kusoma, na uchague kitabu kilicho juu kidogo ya kiwango anachoweza kukisoma peke yake, kwa sababu masikio ya mtoto huelewa lugha nzito kuliko macho yake. Simama mahali panaponoga, uliza anadhani nini kitafuata, kisha funga kitabu hadi kesho. Vitabu vya kujisomea mwenyewe navyo viwe vyepesi: akikutana na maneno matano asiyoyajua katika ukurasa mmoja, kitabu hicho kisubiri. Asome vitabu vya aina anayoipenda, hata kama ni vya mizaha au vya magari, na akirudia kitabu kilekile mara ya nne usimkataze.

Kwa uandishi, zoezi linalozidi mengine yote ni la maelekezo. Mtoto aandike jinsi ya kukunja mashua ya karatasi, hatua kwa hatua, kisha akupe wewe uyafuate neno kwa neno, bila kuongeza akili yako. Ameandika "kunja karatasi"? Ikunje popote. Ameandika "geuza"? Igeuze upande asioukusudia. Mashua haitatokea. Atarudi kwenye karatasi yake kwa hiari, ataongeza "katikati", "kwa urefu", "upande wa kulia", na baada ya rasimu ya tatu utakuwa na maandishi yaliyo wazi ambayo mwalimu angehangaika mwezi mzima kuyapata kwa wino mwekundu. Jukumu lako ni kuwa mtiifu kabisa, na usimfanyie dhihaka.

Hatua ya nane: uzi na jiwe, kwa siku za kukaa ndani

Funga kitu kizito kidogo kwenye uzi, ukining'inize mlangoni ili urefu kutoka kwenye fundo hadi katikati ya uzito uwe sentimita 25, kisha kisukume kidogo tu. Hesabu bembea kumi kamili, kwenda na kurudi. Zitachukua takribani sekunde 10. Mtoto akisie kitakachotokea akiongeza uzito maradufu: wengi husema kitakwenda haraka zaidi, lakini muda haubadiliki. Kisha arefushe uzi uwe sentimita 50, akitarajia sekunde 20. Atapata 14 hivi. Zitafika 20 urefu ukiwa mita 1. Kuongeza urefu mara nne kunaongeza muda mara mbili, na mtoto wa miaka 11 aliyegundua hilo kwa uzi wa nyumbani amekutana na kipeo cha pili kabla hajakifikia darasani.

Mtoto anapokataa

Atakataa siku fulani, na siku hiyo ipite. Vipimo vya kivuli cha wiki na mduara wa mwezi visiachwe, kwa kuwa huchukua dakika mbili, lakini mengine yanaweza kusubiri. Akikataa siku tatu mfululizo, tazama kama shughuli imekuwa ya kwako badala ya kuwa yake: ni nani anayeshika rula? Ni nani anayeandika? Mara nyingi dawa ni kumkabidhi jukumu zima, pamoja na haki ya kukosea. Usiahidi zawadi kwa kila ukurasa, kwa kuwa zawadi ikikoma na kazi hukoma. Watoto wa rika tofauti wasishindanishwe. Mkubwa apime na kuandika, mdogo akisie na kuchora, na kila mmoja awe na daftari lake. Siku za kuchoka bila kufanya lolote nazo ziwepo, kwani mara nyingi maswali bora huandikwa baada ya mchana uliokosa ratiba.

Wiki ya mwisho

Siku saba kabla ya shule kufunguliwa, usianzishe kitu kipya. Mtoto asome daftari lake lote tangu mwanzo, apigie mstari maswali yaliyopata majibu, na ayahamishie ukurasa wa mwisho yale ambayo bado. Achague ukurasa mmoja anaoujivunia na kumfundisha mtu ambaye hakuwepo, kwa kutumia fimbo, chupa au uzi wenyewe, huku wewe ukikaa nyuma na kunyamaza hata anapokosea.

Kisha daftari lihifadhiwe mahali pakavu pamoja na ile fimbo. Likizo ijayo, tarehe ileile na adhuhuri ileile, fimbo ichomekwe tena mita moja juu ya ardhi na vivuli vipimwe upya. Kivuli cha fimbo kitakuwa karibu sawa kabisa na cha mwaka uliopita, lakini cha mtoto, pale ambapo adhuhuri ina kivuli cha kupimika, kitakuwa kirefu zaidi. Mwulize akisie sababu, kisha umpe kalamu aiandike.